Hita ya Hewa ya Jua: Ukutani Jinja au Kichanjani Mbale?

Video za kutengeneza hita ya jua kwa makopo ya soda zimeenea sana kwenye simu. Fundi wa Marekani au Kanada hupanga makopo ndani ya sanduku la mbao, huyapaka rangi nyeusi, hufunika kwa kioo, kisha hulitundika sanduku kwenye ukuta wa nyumba. Nje kuna theluji, lakini hewa itokayo kwenye tundu la juu ina nyuzi 50 na zaidi. Hakuna umeme wala mafuta. Si kiinimacho, kifaa hicho hufanya kazi kama kinavyoonekana.

Utata huanza video hiyo inapotazamwa Walukuba, Jinja, au Namakwekwe, Mbale. Wapo wanaoamini kwamba hapa, penye jua la mwaka mzima, sanduku litafanya maajabu makubwa zaidi. Wapo wanaocheka: nchi ya jua ina haja gani na hita? Wengine husema hicho ni kikaushio kile kile cha matunda na kahawa, hivyo mtu ajenge kimoja kifanye kazi mbili. Na wapo, hasa vijana wa mjini, wanaoona mambo ya masanduku yamepitwa na wakati: nunua paneli ya umeme, yaishe. Kila upande umeshika kipande cha ukweli. Nionavyo, sanduku lenyewe halina kosa, ila limepewa kazi isiyo yake. Katika nyumba nyingi za miji hii miwili halina faida ya kutajwa. Katika kukausha chakula lina faida kubwa, lakini hata huko kinachoamua kama litatumika au litageuka banda la kuku si jua. Ni mnunuzi.

## Kifaa kilitoka wapi

Wazo ni la zamani kuliko bati la kwanza kuezekwa Mbale. Mwaka 1881 Edward Morse, mtaalamu wa viumbe aliyeishi Salem, Massachusetts, alipata hataza ya kupasha joto vyumba kwa miali ya jua. Aliweka bamba jeusi la jiwe nyuma ya kioo, nje ya ukuta, akaacha matundu chini na juu. Kioo hupitisha mwanga, bamba jeusi huugeuza kuwa joto, hewa iliyo kati yake hupata moto, huwa nyepesi, hupanda na kuingia chumbani, na hewa ya baridi huvutwa chini kushika nafasi yake. Zaidi ya miaka 80 baadaye, mwaka 1967, Félix Trombe na Jacques Michel walijenga nyumba huko Odeillo, kusini mwa Ufaransa, ambayo bamba lake lilikuwa ukuta wenyewe: saruji nene iliyopakwa rangi nyeusi, ikichukua saa nyingi kupitisha joto la mchana hadi upande wa ndani. Tofauti ya Morse na Trombe ndiyo kiini cha ubishi wa leo. Mmoja alipasha hewa, mwingine alihifadhi joto.

Makopo yaliingia kwa sababu huko yanatupwa kwa wingi. Uganda soda na bia nyingi huuzwa kwenye chupa za kioo zinazorudishwa, na soda siku hizi kwenye chupa za plastiki. Hata bia ya Nile Special inayotengenezwa Njeru, ng'ambo ya mto kutoka Jinja, watu wanaijua kwa chupa yake. Makopo machache yanayopatikana huokotwa na wanunuzi wa vyuma chakavu kabla hayajapoa mikononi. Hakuna hasara. Kopo halina siri yoyote. Bati la migongo lililopakwa rangi ya ubao wa shule hufanya kazi hiyo hiyo, na bati halijawahi kuadimika katika miji hii.

## Jua la ikweta haliji ubavuni

Kosa la kwanza la kuiga video ni la pembe, na ndilo wengi hawalioni. Montreal, Kanada, adhuhuri ya mwishoni mwa Desemba jua liko nyuzi 21 tu juu ya upeo wa macho. Ukuta unaotazama kusini hulipokea karibu ana kwa ana, zaidi ya asilimia 90 ya nguvu ya mwali. Ndiyo maana sanduku hutundikwa wima.

Jinja iko chini ya digrii moja kaskazini mwa ikweta. Mbale imeivuka digrii hiyo kidogo sana. Machi na Septemba jua la adhuhuri liko utosini, na ukuta wa wima, utazame kokote, haupati mwali wa moja kwa moja wa kutajwa. Desemba, jua likiwa limekwenda kusini kabisa, bado liko nyuzi 66 hivi juu, na ukuta wa kusini huambulia kama asilimia 40 ya nguvu yake. Juni jua huhamia kaskazini na ukuta huo huo hukaa kivulini adhuhuri nzima. Anayenakili sanduku la Kanada bila kuligeuza, basi, amenunua kioo cha kuangalia jua likipita juu yake.

Dawa ni kulilaza, likiinuka nyuzi 10 hadi 15 tu ili mvua ioshe vumbi na maji yasituame. Hapo ikweta inadai malipo mengine: sanduku lililolala lina mvuto dhaifu, kwa sababu hewa ya moto hupanda vizuri penye kimo. Fundi anabaki na njia mbili. Aongeze dohani refu jeusi upande wa kutokea, au aweke feni ndogo inayoendeshwa na kipaneli kidogo. Feni ina uzuri wake, kwani jua likizidi nayo huzidi kasi, na wingu likipita hutulia yenyewe bila swichi. Lakini feni ni kitu cha kuharibika, na ikisimama saa saba mchana, joto ndani ya sanduku lililofungwa vizuri linaweza kupita kiwango cha maji kuchemka.

Umebaki ukuta wa mashariki, unaopata jua la asubuhi hadi saa tatu au nne. Jinja hilo linawezekana. Mbale mji wenyewe umekaa magharibi mwa Mlima Elgon, na mwamba wa Wanale umesimama upande huo huo jua linakotokea. Asubuhi hufika kwa kuchelewa, na alasiri mawingu ya mlima hujikusanya.

## Nyumba ya mjini: joto la saa isiyotakiwa

Tuwape haki wanaotaka hita ya nyumba. Hoja yao ya nguvu ni kwamba jua ni la bure na ni jingi. Uganda hupokea wastani wa karibu kilowati-saa 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Sanduku la mita 2 za mraba, lililotengenezwa kwa uangalifu na kushika asilimia 40 ya jua hilo, hutoa kilowati-saa 4 za joto. Ni sawa na joto lililomo katika nusu kilo ya mkaa, kila siku, bila moshi.

Shida ni saa linapofika. Miji hii miwili iko kwenye kimo cha mita 1,100 hadi 1,200 hivi. Usiku Jinja hushuka hadi nyuzi 16 au 17, na mchana hupanda hadi 28. Joto la sanduku huja mchana, wakati paa la bati limekwisha kukifanya chumba kisikalike. Na kwa kweli paa hilo ni hita ya jua tayari, kubwa kuliko sanduku lolote, nayo haikuombwa.

Je, joto la mchana haliwezi kungoja usiku? Hewa haiwezi kulibeba. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.7 kina hewa yenye uzito wa kilo 45 hivi. Kuiongezea hewa hiyo nyuzi 10 kunahitaji kazi ya dakika kumi za sanduku letu kwenye jua kali. Kinachopatikana kwa dakika kumi hupotea kwa dakika kumi, hasa katika nyumba yenye upenyo kati ya ukuta na paa. Tofali ni kitu kingine: mita moja ya ujazo ya tofali la kuchoma hubeba joto zaidi ya mara elfu moja ya ile ya hewa. Trombe alilijua hilo, na waliojenga nyumba za udongo mnene walilijua bila yeye.

Kwa hiyo wanaocheka wana haki, ila wamecheka mapema mno. Kanuni ile ile ikigeuzwa hupooza nyumba. Dohani jeusi lenye kioo upande mmoja, likitoa hewa ya moto nje juu ya paa badala ya kuiingiza chumbani, huivuta hewa ya chini ya kivuli kuingia ndani. Kwa nyumba ya Jinja yenye joto la ziwa na jasho la Februari, hilo lina maana kuliko hita. Ni ajabu kidogo kwamba video za namna hiyo hazisambai.

## Mlimani swali hubadilika

Elgon hupanda hadi mita 4,321 kwenye kilele cha Wagagai, na kwa kila mita 1,000 joto hupungua nyuzi 6 hivi. Kapchorwa na vijiji vya juu vya Bududa na Sironko havina usiku wa Jinja. Hapo baridi ya alfajiri ni jambo la kweli kwa mtoto mchanga na mzee, na mbadala uliopo ni wa hatari: sigiri ya mkaa iliyoingizwa chumbani na mlango ukafungwa. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa, kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na huua watu waliolala. Yeyote anayepima faida ya hita ya jua mlimani aanze na mizani hiyo, si na bili ya umeme.

Hata hivyo sanduku la hewa bado si jibu la kwanza. Nyumba ya mlimani hupoteza joto kupitia bati, ambalo usiku hulitoa kuelekea anga tupu. Dari, hata la mianzi iliyosukwa na kukandikwa, hurudisha zaidi ya kinachoingizwa na sanduku. Kuziba upenyo wa juu ya ukuta husaidia pia, tena huzuia mbu, ila panapopikwa kuni ndani upenyo huo ndio unaotoa moshi. Kuuziba bila kujenga dohani la jikoni ni kubadilisha baridi kwa kikohozi. Baada ya hayo mawili, ukuta mnene wa tofali au udongo upande wa mashariki, uliopakwa rangi nyeusi na kuwekewa kioo, una mantiki. Hilo ni wazo la Trombe, na si la makopo. Sanduku la hewa lenyewe linafaa jengo linalotumika asubuhi na mchana: darasa, zahanati, ofisi ya kata. Mahali ambapo watu wapo wakati jua lipo.

## Na paneli ya umeme?

Hoja ya vijana haiwezi kupuuzwa. Paneli za kisasa hugeuza asilimia 20 hivi ya jua kuwa umeme; sanduku la nyumbani hushika maradufu yake, lakini hushika joto tu. Umeme huwasha taa, huchaji simu, huendesha redio, na unaweza kuhifadhiwa kwenye betri hadi usiku. Bei za paneli zimeshuka sana katika miaka 15 iliyopita. Mwenye fedha ya kitu kimoja tu, na nyumba isiyo na taa, anunue paneli. Hapo hakuna ubishi.

Ubishi upo mtu anapotaka joto lenyewe. Kuzalisha umeme ili uuchome uwe joto ni kununua ng'ombe kwa ajili ya samadi. Pasi, jiko la umeme na kikaushio cha umeme hula kwa saa moja kile ambacho kipaneli cha kijijini hukikusanya kwa siku nzima. Hata Jinja, penye bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954 na sasa kuitwa Nalubaale, familia nyingi zinazoishi karibu na mitambo hiyo hupikia mkaa kwa sababu joto la umeme ni ghali kwao. Paneli na sanduku havishindani. Paneli ndogo ya feni ndiyo ndoa yao nzuri.

## Kazi inayolifaa: kuondoa maji

Sasa lichukuliwe sanduku lile lile, lilazwe, na hewa yake ielekezwe kwenye kabati lenye trei za wavu. Mambo yanageuka. Hewa ya kando ya ziwa yenye nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 75 haikaushi kitu upesi. Ipashe hadi nyuzi 45 na unyevu wake hushuka hadi asilimia 25 hivi, ingawa hakuna tone la maji lililoondolewa ndani yake. Imepata uwezo tu wa kunywa mengi zaidi. Hapa saa ya joto si kasoro tena. Mchana ndio unaohitajika.

Mashariki mwa Uganda wanalijua hili kwa miaka zaidi ya 30. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Kawanda, kaskazini mwa Kampala, kilitoa muundo wa kikaushio cha mbao na nailoni uliofika kwa wakulima wengi, na kampuni ya Fruits of the Nile, yenye makao yake Njeru, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kununua nanasi na ndizi zilizokaushwa kwa jua na kuziuza Uingereza. Mwaka 2008 kampuni hiyo ilipata tuzo ya Ashden ya nishati endelevu. Mfano huo unastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu haukufaulu kwa uzuri wa sanduku peke yake. Palikuwa na mnunuzi anayejulikana, kipimo kinachojulikana, na bei iliyolipa usumbufu wa kukata nanasi alfajiri na kugeuza trei mchana.

Kiasi ndicho kinachowaponza wengi. Kukausha kilo moja ya maji hudai takriban kilowati-saa 0.67, na nusu ya joto hupotea njiani. Sanduku la mita 2 za mraba, basi, huondoa kilo 3 hivi za maji kwa siku ya jua zuri. Kwa familia inayokausha maembe, nyanya au majani ya kunde hiyo ni kazi ya kutosha. Kwa viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vilivyosambazwa Kamuli na Bukedea mwishoni mwa miaka ya 2000 kwa ajili ya vitamini A, ina faida ya pili: mwanga wa jua wa moja kwa moja huharibu vitamini hiyo, na kabati lisilopitisha mwanga huiokoa. Amukeke ya Teso, vipande vya viazi vinavyoanikwa juani hadi vigeuke vigumu, ingepata mengi hapo.

Kwa kahawa hesabu inakataa. Kahawa ya Bugisu ikishamenywa na kuoshwa, ikiwa bado ndani ya ganda lake jembamba, nusu ya uzito wake ni maji, nayo lazima ishuke hadi asilimia 11 au 12. Kilo 100 za kahawa mbichi ya namna hiyo huachia kilo 43 au 44 za maji. Ni wiki mbili nzima za sanduku letu, na mavuno hayangoji. Tena ikipita nyuzi 40 hivi ladha huanza kuharibika, na sanduku lisilo na feni hufika huko kirahisi. Ndiyo sababu kichanja cha waya kilichofunikwa kwa paa la nailoni, chenye hewa inayopita pande zote, humfaa mkulima wa Elgon kuliko hita yoyote. Jua lake ni dogo kwa kila mita, lakini mita ni nyingi na bei yake ni ndogo, na mvua ya ghafla haimkimbizi mtu kuanua. Chama kama Bugisu Cooperative Union, kilichopo tangu 1954, au vyama vidogo vya vijijini, vingeweza kuwa na vikaushio vya pamoja; ila kahawa ya wote huiva wiki ile ile, na foleni ya wiki mbili kwenye kikaushio cha chama ni kahawa iliyochacha.

Samaki nao wana hesabu yao. Dagaa wa Masese, wanaoitwa mukene, wengi bado huanikwa chini kwenye mchanga au nyavu. Kilo nyingi, bei ndogo, na kipindi cha kukauka ni siku moja likiwaka jua. Kichanja cha kuwainua kutoka mchangani huongeza thamani yao kuliko sanduku la kioo ambalo lingejaa kwa ndoo moja. Siku za mvua ndizo zinazoua biashara hiyo, na siku za mvua sanduku la jua nalo limelala. Huo ni udhaifu ambao wapenzi wa vikaushio huutaja kwa sauti ndogo. Bagisu walikwisha kuujibu kwa malewa, machipukizi ya mianzi yanayokaushwa kwa moshi juu ya moto: kuni hazijali wingu. Zinajali msitu, na msitu wa Elgon ni hifadhi ya taifa tangu 1993.

## Mizani ya mnunuzi

Linalobaki gumu zaidi ni mahindi ya Busoga, na hapa ndipo uchambuzi mwingi wa kiufundi huishia njiani. Mahindi yakihifadhiwa na unyevu wa juu ya asilimia 13 au 14 huota ukungu, na baadhi ya ukungu huo hutoa sumukuvu. Madhara yake si hadithi: mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo, kisha baada ya siku chache ikaruhusu kwa masharti. Wakulima waliopoteza soko wiki ile walisikia ushauri uliozoeleka: kausheni vizuri.

Kausheni kwa faida ya nani? Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 20, likikaushwa hadi asilimia 13, hubaki na kilo 92. Mchuuzi anayefika na mizani ya kuning'iniza, bila kipima unyevu, hulipa kwa kilo. Mkulima aliyekausha amefanya kazi ya siku kadhaa ili alipwe pungufu ya kilo 8. Jirani yake aliyeuza yakiwa mabichi amelipwa maji kwa bei ya mahindi. Hapo hakuna uvivu wala ujinga. Ni hesabu, na mkulima ameifanya sawasawa. Kikaushio kizuri kuliko vyote hakiwezi kushinda mizani ya namna hiyo. Kinachoweza ni kipima unyevu mikononi mwa kikundi cha wakulima na bei mbili tofauti kwa mahindi mawili tofauti. Mahali kisipopatikana, chupa kavu ya kioo na chumvi kavu husaidia: tia mahindi na chumvi, tikisa, subiri, chumvi ikishika kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15. Haitoi namba ya kuandikwa kwenye risiti, lakini inampa muuzaji neno la kumjibu mchuuzi.

Mahindi ya kula nyumbani ni suala tofauti kabisa. Hayo hayapitii mizani ya mtu, na anayeyakausha vizuri anawalinda watoto wake mwenyewe. Kwa gunia moja sanduku letu linahitaji siku tatu za jua. Ni kazi inayowezekana, mradi joto lisipite nyuzi 43 kwa mbegu za kupanda au 60 kwa za kusaga. Turubai safi juu ya uwanja mkavu hufanya kazi hiyo karibu kwa kasi ile ile kama hali ya hewa ni njema. Sanduku linashinda pale mvua za vipindi, vumbi la barabara na kuku wanapoingia kwenye hesabu.

## Vifaa, kwa kifupi

Makosa ya ujenzi yanajirudia. Nailoni ya kawaida ya dukani hupasuka kwa jua ndani ya miezi; ile iliyotiwa dawa ya kuzuia miale mikali, inayouzwa kwa ajili ya vibanda vya mboga, hudumu miaka kadhaa. Kioo cha dirisha kilichobomolewa ni kizuri lakini ni kizito, na mvua ya mawe ya mlimani haikipendi. Povu jeupe la kufungia redio na friji hulegea karibu na nyuzi 80 na hutoa harufu, hivyo halifai mgongoni mwa bati jeusi. Makapi ya miwa yanapatikana jirani ya viwanda vya sukari kama Kakira. Maganda ya kahawa yanapatikana Mbale. Vyote viwili vinahifadhi joto ikiwa vimekauka na vimefungwa panya wasiingie. Rangi mpya ichomwe na jua siku kadhaa sanduku likiwa tupu kabla chakula hakijakaribia, na oili chafu ya gari isitumike badala ya rangi hata kama ni nyeusi na ya bure. Matundu yote yawekwe wavu. Usiku yafungwe, la sivyo chakula kilichokauka mchana hunywa tena unyevu wa alfajiri.

## Nani ajenge nini

Mwenye nyumba ya mjini Jinja au Mbale hana sababu ya kujenga hita ya chumba. Fedha yake iende kwenye dari, na kama joto la mchana linamtesa, kwenye dohani la kutoa hewa. Mkazi wa Kapchorwa aanze na dari na jiko lenye dohani, kisha afikirie ukuta wenye kioo. Shule au zahanati ya huko inaweza kuanza na sanduku la hewa moja kwa moja. Mkulima wa kahawa ajenge kichanja chenye paa. Kikundi cha Busoga kitafute kipima unyevu kabla ya kumwita seremala. Anayekausha matunda kwa biashara apate mnunuzi kwanza; aliyeko mjini ale embe bichi, kwa maana mtu mwenye embe mwaka mzima hanunui lililokauka.

Na aliyekwisha kujenga sanduku la makopo na kulitundika ukutani asilivunje. Alishushe, alilaze juu ya vigingi likiinuka kidogo upande mmoja, afungue tundu la juu liingie kwenye kabati la trei nne za wavu wa plastiki, na aweke bomba jeusi la kutoa hewa juu ya kabati lenye urefu wa mita moja au zaidi. Kwanza ajaribu vipande vyembamba vya nyanya. Vikikauka kwa siku mbili bila kubadilika rangi kuwa kahawia, hewa inapita vizuri; vikianza kuiva badala ya kukauka, bomba ni fupi au tundu la chini ni dogo.